Mama, Uwanja Bado Haujakauka

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ninayotaka kuyasema hayana adabu, nikaona angalau mlango wa barua uwe na adabu.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Sijamwambia Baba, sijamwambia Theresia tunayelala naye vitanda vya jirani bwenini, na hata kwenye kitubio nililiruka nikataja uvivu badala yake. Jambo lenyewe ni kwamba nimekukasirikia. Watu wakiniona nimenyamaza wanasema, "Masikini, anamkumbuka mama yake," nami nainamisha kichwa ili waendelee kuamini hivyo. Kukumbuka nakukumbuka. Lakini asubuhi nikisikia vyura chini ya dirisha, kinachoamka kwanza ndani yangu ni hasira, na hasira hiyo ina sura yako: umembeba Danieli mgongoni, umeshika viatu mkononi, unavuka maji ya uwanja wetu bila kugeuka nyuma.

Shuleni nimesema umekwenda Masieda kumuuguza bibi. Bibi anisamehe. Najua ana nguvu kutushinda sisi sote.

Kule shuleni tunaandika kila kitu kwa Kiingereza, na Kiingereza kinanificha vizuri. Nikiandika kwa Kiingereza kwamba nina hasira, inakuwa kama zoezi la sarufi. Ndiyo maana hii nimeiandika kwa Kiswahili. Niko likizo, niko jikoni, Baba yuko nje, na sijui kama nitaituma.

Unakumbuka siku tulipohamia nyumba hii? Ilikuwa kiangazi, ngano imeshavunwa, tambarare yote ya njano mpaka chini ya mlima Hanang. Tulitoka kule kwenye nyumba za mabati za wafanyakazi wa shamba tukiwa juu ya trela la trekta pamoja na magodoro na kuku waliofungwa miguu, na Baba amesimama mbele kama mtu anayehutubia. Nyumba ilikuwa ya mtaalamu mmoja mzungu aliyemaliza mkataba wake. Ilikuwa na bomba ndani, na veranda ya saruji, na mbele yake uwanja wa ukoka uliokatwa mpaka ukawa kama mkeka. Ulishuka kwenye trela, ukavua viatu, ukakanyaga zile nyasi taratibu kama mtu anayejaribu maji ya kuoga.

"Paska, njoo uone. Hazichomi."

Tukalala chali, mimi na wewe, na tumbo lako la Danieli likiwa kama kilima kidogo kati ya macho yangu na mlima. Baba akasema kwa sauti ya chini, "Mama Paskalina, wafanyakazi wanapita barabarani."

Ukamjibu bila kuinuka, "Waone. Wajue tumefika."

Hiyo ndiyo picha yako ninayoipenda. Na ndiyo inayonikasirisha, maana tulikuwa tumefika, halafu ukaondoka.

Yule mama wa Kibarabaig aliyekuwa anatuletea maziwa ndiye wa kwanza kucheka. Alisimama katikati ya uwanja na kibuyu chake, akatazama nyumba, akatazama nyasi, akasema, "Hapa? Hapa ng'ombe ya baba mkwe wangu ilikuwa inakunywa."

Ukamuuliza ilikuwa inakunywa wapi, na mto haupo. Akanyoosha mkono akachora duara hewani, na duara lile likazunguka uwanja wetu wote mpaka kwenye ngazi za veranda.

"Mvua ikija utaona."

Jioni ulimwambia Baba. Alikuwa anavua soksi. Akasema, "Ng'ombe wao walikunywa kila mahali. Ukiwasikiliza wale, shamba zima lilikuwa lambo." Akacheka, na mimi nikacheka naye. Wewe hukucheka.

Masika yakaja. Ile ardhi nyeusi iliyokuwa na nyufa za kumeza penseli zangu ikavimba, nyufa zikafumba, na mvua ikakosa pa kuingia. Maji yakakaa. Kwanza yalikuwa yanang'aa kati ya nyasi, watoto wa jirani wakaja kutazama vivuli vyao. Kisha yakawa rangi ya chai ya rangi, kisha yakaanza kunuka. Danieli alizaliwa katikati ya harufu hiyo. Nguo zake zilikuwa hazikauki, ukawa unazipitisha juu ya jiko moja moja huku umezishika kwa vidole. Akaanza kukohoa, homa ikaja, ikaenda, ikarudi. Ukawa unapita kwenye ule uwanja na mtoto kwenda zahanati ya shamba, ukirudi miguu yako imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa.

Na watu wa hapa unawajua. Asubuhi wakienda karakana wanapunguza mwendo mbele ya geti.

"Mzee, samaki wameanza kuuma?"

"Mwacheni, anangoja kibali cha mtumbwi."

Baba anawajibu, "Karibuni, leteni ndoana," na anacheka kwa mdomo tu. Mimi nilikuwa nawaona kutoka dirishani na natamani ardhi inimeze, ila ardhi yenyewe ilikuwa haimezi kitu.

Alijaribu, Mama. Ninapokasirika najikumbusha kwamba alijaribu. Kwenye stoo yule mzungu alikuwa ameacha kitabu cha bustani, Baba akakiweka mezani akasema, "Soma hapo utuambie. Ndiyo maana uko sekondari." Nikasoma kwa sauti ndogo, yeye akisema, "Paza, mimi si mwalimu wako." Kitabu kikasema utoboe uwanja kwa uma wa chuma, kisha ufagilie mchanga kwenye matundu, na maji yatashuka yenyewe. Uma ulikuwepo kwenye stoo. Aliuchomeka, akaukanyaga, halafu kuuchomoa ikabidi tuvute wawili, na shimo likafumba nyuma yake palepale kama mdomo wa mtu asiyetaka dawa. Mchanga tukauleta kutoka korongoni kwa trela. Tuliutandaza vizuri, wewe ukasema kwamba angalau kwa siku moja nyumba yetu imekuwa na rangi ya ufukweni. Mvua moja tu, ule mchanga haukuonekana tena. Kile kitabu kilikuwa kinazungumza na udongo wa watu wengine.

Kisha akafanya anachokijua.

Naandika haya kama vile huyajui, lakini nataka yawe kwenye karatasi. Kazi ya Baba ni makingamaji. Yale matuta marefu yanayopindapinda katikati ya ngano kwa kufuata usawa wa ardhi, ili mvua isikimbie ikaondoka na udongo, ni yeye anayeyapima, kwa ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, kigingi baada ya kigingi. Hakosei. Kwao Singida maji yakipatikana hayaachiwi, na nadhani yeye alianza kuyazuia kabla hajapewa mshahara wa kuyazuia. Dereva akikata kingamaji kwa trekta ili afupishe njia, anaitwa ofisini, na anayemwita ni Baba. Ng'ombe wakilibomoa, mwenye ng'ombe anaitwa, na anayemwita ni Baba. Hakuna kosa kubwa kwake kama hilo. Ukimsikia anavyolitamka neno "amelikata" utadhani mtu amekatwa.

Basi uwanja ulipojaa, akaweka kingamaji upande wa chini, kando ya michongoma, ili maji yasiende kuharibu barabara. Baada ya hapo akachimba mtaro kukatiza uwanja, na akaupima kwa ule mpira wake. Niliushika upande wa pili. Alipomaliza alisimama juu yake kama fundi juu ya meza aliyoitengeneza.

"Tazama, Paska. Haujainama hata kidogo."

Kweli ulikuwa haujainama. Mvua ilipokuja, maji yakaingia yakatulia humo toka mwanzo hadi mwisho, hayajui yaende upande gani. Tukawa na maziwa mawili, moja la mviringo na moja jembamba.

Hapo ndipo alipomleta Elias, dereva wa shamba, na trekta. Najua huipendi siku ile, hata mimi siipendi, lakini ndiyo siku yenyewe. Ilikuwa wavunje ardhi kwa plau ili maji yapate njia ya kushuka. Gurudumu la nyuma lilipita geti, likapita michongoma, likafika katikati ya uwanja, likakaa. Elias akakanyaga mafuta, gurudumu likazunguka mahali pamoja na kurusha tope mpaka kwenye pazia zako. Wakaja watu wa karakana na trekta la pili na mnyororo, kila mtu ana ushauri wake. Ukatoka kwenye veranda na Danieli anakohoa mgongoni, na ukasema mbele yao wote:

"Baba Paskalina, likate lile kingamaji. Maji yanatafuta pa kutokea, wewe umeyafungia."

Elias, kule juu kwenye kiti, akasema, "Mzee, kumbe bwana shamba tunaye hapa hapa nyumbani."

Wakacheka. Baba akafuta tope usoni kwa mkono wenye tope. "Mwanamke asinifundishe kazi ninayolishia nyumba."

"Nyumba ipi? Hii inayoelea?"

Walicheka mpaka mmoja akaachia mnyororo. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya bomba na ndoo. Nilimtazama Baba, nikaona kwamba kuanzia dakika ile lile kingamaji halitakatwa. Halikuwa tena la maji. Hata mvua ingeingia chumbani, angeiacha iingie.

Hili ndilo lililonikaa kooni. Ulikuwa na haki, Mama. Kama ungekuwa umekosea ningekukasirikia kidogo halafu ningesahau. Ulikuwa na haki kabisa, na ukaichukua haki yako ukaimwaga mbele ya Elias. Jikoni kuna mlango. Kwa nini hukungoja jioni, amekaa, amekunywa chai, ukamwambia kwa sauti ile unayoniambia mimi? Najua utasema ulishamwambia jikoni mara nyingi. Pengine. Mimi muda mwingi nilikuwa bwenini, sikuyasikia ya jikoni. Nilisikia ya uwanjani, na wafanyakazi wote waliyasikia, na mpaka leo Elias akipita anampungia Baba mkono na kumwita "msaidizi wa bwana shamba".

Na yeye nimemkasirikia pia, usidhani nimemwachia. Ulipomwomba turudi kwenye nyumba za mabati mpaka mvua ziishe, alisema, "Nirudi kule waseme nimeshushwa?" Mtoto anakohoa, yeye anawaza watasema nini. Lakini Baba yuko hapa, anakula ugali wangu uliobabuka bila kusema neno, na mtu anayekula ugali wako uliobabuka ni vigumu kumkasirikia saa zote. Wewe uko mbali, kwa hiyo hasira yote imekuangukia wewe.

Siku ulipoondoka nilibeba mfuko wako mpaka getini. Lori la shamba lilikuwa linanguruma barabarani. Baba alikuja nyuma yetu na gambuti zake, fyap, fyap, akasimama kando ya geti. Ukamwambia:

"Siku utakayokuja kwetu na viatu vya ngozi, vikavu, nitajua uwanja umekauka. Ukija na hizo gambuti nitakupikia, utakula, utarudi."

Akasema, "Mama Paskalina."

Basi. Jina tu. Nilingoja aongeze na wewe nadhani ulingoja, dereva akapiga honi. Ukanigeukia mimi ukasema, "Mwangalie baba yako." Yeye ulimpa sharti, mimi ukanipa kazi. Hukuniuliza kama nataka kwenda na wewe. Pengine ningekataa. Lakini ungeniuliza.

Nimemwangalia. Ngoja nikwambie nilichokiona. Jioni akitoka kazini anachukua ndoo anachota maji ya uwanja na kuyamwaga ng'ambo ya kingamaji, ndoo baada ya ndoo, kabla hajanawa, na asubuhi maji yako palepale. Anavuta lile sanduku chini ya kitanda, anatoa vile viatu vyake vyeusi vya ngozi alivyofunga navyo ndoa, anavipangusa ukungu, anavirudisha. Tangu uondoke hajavivaa. Kwenye meza anaweka vikombe vitatu, halafu kimoja anakirudisha kabatini kama mtu aliyekosea hesabu. Na mimi nimejifunza kumtambua kwa sauti: fyap, fyap akiwa kwenye nyasi, kisha kimya anapokung'uta tope, kisha zile gambuti zinalia kama bata kwenye saruji.

Nilikaa hivyo siku nyingi za likizo nikiwa najua cha kusema na sisemi. Unanijua. Darasani mwalimu akiuliza swali ninalolijua natazama dawati. Najiambia nitajibu akirudia, na akirudia najiambia mwingine atajibu.

Kilichonisukuma ni viazi. Nilikuwa namenya viazi vitamu, nikakumbuka lile bonde la bibi Masieda, nyuma ya nyumba, ulipokwenda na mimi nikiwa darasa la tatu. Bonde lilikuwa limejaa maji mpaka ukiweka jembe linazama lenyewe. Mimi nilitaka tuanzie juu, karibu na nyumba, kwa sababu kulikuwa kukavu na sikutaka kuchafua sketi. Ukanishika mkono ukanishusha mpaka kule kwenye kijito.

"Anzia huku chini. Ukianzia kule juu utachimba bwawa."

Tukachimba tukipanda, mimi na wewe na bibi, tunatupa udongo huku na huku kuwa matuta, na maji yakaja yakatukuta, yakapita katikati ya miguu yangu, ya baridi, yanasukumana kana kwamba yamechelewa. Nilipiga kelele. Ukacheka, ukaniambia, "Yapishe, Paska. Yapishe yapite." Bibi naye akaniiga nilivyoruka, mzee yule, mpaka akaketi kwenye tope. Sijui kama unaikumbuka siku ile. Jioni viazi vilichomwa kwenye majivu, nikalala na tope kwenye nywele.

Niliacha kumenya. Baba alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, anakunywa chai, redio imezimwa kwa sababu betri zimekwisha. Hakukuwa na Elias. Hakukuwa na mtu yeyote.

"Baba."

"Eeh."

"Kule Masieda tulianzia kuchimba chini."

"Chini wapi?"

"Kwenye kijito. Maji yanapotokea." Sauti yangu ilikuwa inakwenda kuisha. "Hapa ingekuwa... kwenye kingamaji lako."

Alizungusha kikombe mkononi. "Mama yako amekuandikia?"

"Hapana."

"Amekuagiza?"

"Hapana, Baba. Nilikuwepo mwenyewe. Nilikuwa darasa la tatu."

"Unataka nilikate."

"Ndiyo, Baba."

Nilidhani atasema mtoto asimfundishe kazi. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, na yale majani ya chini, akaosha kikombe mwenyewe, jambo ambalo hulijui na huenda hutaliamini. Akasema, "Jumapili. Watu wakiwa misani."

Jumapili ile hatukwenda misani, Mama, na hilo nalo ni dhambi yangu nyingine ya kutaja. Barabara ilikuwa tupu. Baba alisimama juu ya kingamaji na jembe, halafu akashuka akaenda stoo akarudi na ule mpira wake wa kupimia. Nikajua anarudi kulekule. Akapima kutoka kizingiti cha veranda mpaka chini kwenye michongoma, akasimamisha vigingi, akatazama, akapima tena. Kisha akasema, si kwangu, kwa vile vigingi, "Kumbe mteremko upo. Mdogo, lakini upo." Akarudi akapiga jembe.

Pigo la kwanza halikuleta kitu. La pili, tope. Kisha maji yakaanza kutoka kidogo kama mtu anayechungulia, halafu yakajisukuma, na vyura ndani yake, na majani yaliyooza, na soksi moja ya Danieli. Yakaingia kwenye mtaro wa barabara na kushuka kuelekea korongoni. Baba aliruka kando. Akasimama anayatazama, jembe begani, na akasema kwa ile sauti yake ya ofisini:

"Limekatwa."

Kama anamripoti mtu. Nikashindwa kujizuia, nikacheka, nikaogopa nimecheka. Akanitazama, midomo ikamcheza.

"Elias asijue."

"Sitamwambia."

"Hata akikuuliza kwa Kiingereza."

Tulichimba kuelekea juu, yeye mbele mimi nyuma na karai, tukauinamisha ule mtaro wake mzuri. Aliuvunja usawa wake mwenyewe, pigo kwa pigo, na kila akipumzika anasema, "Ulikuwa umenyooka huu." Yule mama wa maziwa alipita akatukuta. Alisimama akayafuata maji kwa macho mpaka yanapopotelea.

"Sasa ng'ombe itakunywa wapi?"

Sikujua kama ni utani. Baba naye hakujua, kwa sababu alishika kofia yake akaishusha. Mama yule akasema, "Inakwenda korongoni. Basi itaifuata huko," akaenda zake. Baba hakuchimba tena kwa muda. Alikuwa anatazama lile duara la nyasi zilizolala, na nadhani kwa mara ya kwanza aliliona ni duara.

Sitaki nikudanganye kwamba mambo ni mazuri. Ukoka umeoza vipande vipande, umekuwa na mabaka kama kichwa cha mtoto mwenye mashilingi, ile choa ya mviringo. Harufu bado ipo. Kwenye mashimo ya gurudumu la Elias maji yamebaki na viluwiluwi vyake. Baada ya hapo mvua imenyesha tena, kubwa, na mimi nililala nimejifunika kichwa nisisikie, kwa sababu nilijua yakijaa tena sitakuwa na kingine cha kusema. Asubuhi nilitoka peku. Kisigino kikazama kidogo. Nikangoja maji yapande kati ya vidole. Hayakupanda.

Sikumwambia kitu. Yeye pia hakuniambia. Tangu siku ulipoondoka hajataja viatu, nami sijataja viatu, utadhani sharti lile ulilisema kwa lugha ambayo hatuisikii. Na likizo yangu inakwisha. Hilo ndilo linalonichoma sasa. Nitapanda lori, nitamwacha hapa na vikombe vyake vitatu, na wewe huko unangoja aje, na yeye hapa anangoja ukavu uwe kamili, kama anavyopenda kila kitu kiwe, mpaka kiangazi kifike na uwanja ukauke wenyewe bila faida ya mtu. Mtangojana mpaka Danieli aanze kutembea, ajifunze kutembea kwenye uwanja wa watu wengine.

Bado nimekasirika. Nilidhani nikiandika itapungua, imepungua kidogo tu. Sitaki uniombe radhi, ingekuwa aibu kwangu mimi mtoto. Sitaki hata mpatane vizuri. Nataka urudi mgombane hapa, jikoni, mlango umefungwa, mimi nikiwa upande wa pili nasikia sauti zenu zote mbili, na Danieli analia, na mtu anasema nani amemaliza chumvi. Basi. Nataka hilo tu.

Chumbani kulikuwa na harufu ya dawa ya viatu nilipopita kufagia. Sikuiwazia sana. Lakini sasa nimeinua macho kwenye karatasi na naona gambuti za Baba ziko hapa kwenye mlango wa jikoni, zimeegemea ukuta, tope lake limekauka. Na yeye yuko nje tangu mchana.

Kuna mtu anakuja. Geti limelia. Amepita michongoma, sasa yuko kwenye nyasi, anakwenda polepole, anasimama, anaendelea. Mama, sauti zote za uwanja huu nazijua, hii siijui. Haina fyap. Haina maji. Amefika kwenye saruji, ko, ko, ko, kama mtu anayekwenda harusini, na anakuja huku jikoni.

Karatasi inaingia chini ya ungo. Kwaheri, Mama, pika chakula kingi.

Mimi mwanao wa kwanza